Siku mbili hazitoshi kumfanya mtu mwendeshaji pikipiki

Jioni moja nikipita karibu na uwanja wa michezo wa Ruring'u, Nyeri, nilimwona kijana akijifunza kuendesha pikipiki. Mwenzake alikuwa ameketi nyuma akimpigia kelele: "Klachi! Gia! Breki!" Juma lililofuata nilimhudumia kijana mwingine, aliyevunjika mguu. Nilipomuuliza alikuwa amejifunza kwa muda gani, alijibu, "Siku mbili, daktari." Siku ya tatu alikuwa amebeba abiria.

Msomaji, kijana huyu hakuwa mjinga. Alijua klachi iko wapi na breki iko wapi. Lakini kujua ni jambo moja, na ubongo kuzoea ni jambo lingine.

Siku za kwanza, mwanafunzi hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, ile tunayoitumia kufikiria na kuamua. Kila hatua huiwazia: achia klachi polepole, ongeza mafuta, badilisha gia. Sehemu hii haiwezi mambo mengi kwa wakati mmoja. Ng'ombe akikatiza barabara ghafla, anayewaza gia huchelewa kushika breki.

Kadiri anavyorudia, kazi huhamia kwingine. Ubongo mdogo, ulioko kisogoni, hulinganisha mwendo uliokusudiwa na ule uliotokea, kisha husahihisha kosa. Sehemu zilizo ndani kabisa ya ubongo huunganisha hatua nyingi ziwe kitendo kimoja. Viungio kati ya seli za neva zinazotumika pamoja huimarika. Hapo ndipo mtu hubadilisha gia huku macho na mawazo yako barabarani.

Mabadiliko haya yamepimwa. Mwaka 1995, Alvaro Pascual-Leone na wenzake walieleza jinsi watu wasiojua piano walivyofanya mazoezi ya vidole saa 2 kila siku kwa siku 5. Sehemu ya ubongo inayoamuru vidole hivyo ilipanuka. Mwaka 2004, watafiti wa Ujerumani waliripoti kwamba watu waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi 3 waliongezeka unene wa ubongo katika sehemu zinazofuatilia vitu vinavyosogea. Walipoacha kwa miezi 3, unene huo ulipungua.

Usingizi nao ni mwalimu. Mwaka 2002, Matthew Walker na wenzake huko Marekani waliona kwamba waliojifunza kubonyeza vitufe kwa mpangilio, kisha wakalala usiku, waliongeza kasi kwa kadiri ya asilimia 20 bila mazoezi mengine. Waliokaa macho kwa saa 12 hawakupata faida hiyo.

Tahadhari moja: ubongo hauchagui jema na baya. Ukirudia kosa, utalihifadhi vilevile. Mazoea yana taabu.

Kwa hivyo, wewe unayejifunza, fanya mazoezi ya muda mfupi kila siku, kwa majuma kadhaa, chini ya mwalimu anayejua. Usiku lala vya kutosha. Anza uwanjani, kisha barabara tulivu, halafu miteremko na tope la masika. Abiria awe wa mwisho, baada ya kupata leseni, kwa maana uzito wake hubadilisha jinsi pikipiki inavyokaa, inavyokata kona na inavyosimama. Helmeti usiivue hata uwanjani.

Nawe abiria, usione haya kumuuliza anayekubeba ameendesha kwa muda gani. Akikujibu "tangu juzi", shuka.

Yule kijana sasa anatembea kwa magongo. Majuzi aliniuliza atarudi lini barabarani. Nilimwambia, "Kijana wangu, mfupa utaunga baada ya miezi kadhaa. Ukipona, rudi kwanza uwanjani."