Bunduki Kuukuu Haistaafu

Askari akitimiza miaka yake ya utumishi hukabidhi vifaa, huagwa na wenzake, kisha hurudi nyumbani kulima au kufanya biashara. Bunduki aliyoibeba haina bahati hiyo. Jeshi likipata silaha mpya, ile ya zamani hutiwa ghalani, huuzwa, hutengenezwa, huuzwa tena, na mara nyingi huanza kazi nyingine katika nchi ambayo fundi aliyeiunda hakupata hata kuisikia.

Ni sehemu chache za Afrika Mashariki zilizoyaona hayo kama pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Kutoka mlango wa mto Ruvuma, kupitia Kionga, Palma na Mocímboa da Praia hadi kisiwa cha Ibo, pwani hiyo imepokea kwa zaidi ya karne moja bunduki zilizoachwa na wengine. Kila zilipofika alikuwako mnunuzi, alikuwako fundi wa kuzifufua, na alikuwako mtu wa tatu aliyelipa gharama bila kuulizwa.

ZILIKOTOKA

Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalibadilisha silaha kwa haraka isiyopata kuonekana kabla yake. Uingereza iliacha bunduki za gumegume na kuchukua za fataki katika miaka ya 1840. Mwaka 1866 ikachukua Snider, iliyopakiwa risasi kwa nyuma badala ya kushindiliwa mdomoni. Mwaka 1871 Martini-Henry. Na mwaka 1888 Lee-Metford. Ufaransa ilitoka Chassepot ya 1866, ikaenda Gras ya 1874, kisha Lebel ya 1886, bunduki ya kwanza ya jeshi kutumia baruti isiyotoa moshi mwingi. Ujerumani ilikuwa na Mauser ya 1871. Ureno, iliyotawala Msumbiji, ilichukua Kropatschek mwaka 1886 na Mauser-Vergueiro mwaka 1904.

Kila uamuzi wa aina hiyo uliacha maelfu kwa maelfu ya bunduki maghalani. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ya kutupa. Mji wa Liège, nchini Ubelgiji, ulisifika kwa kazi ya kuzitengeneza upya. Mafundi wake walikata mitutu, wakakwangua mifuo ya ndani ili ipite marisau, wakabadilisha vitako, na kuzipeleka sokoni kama bidhaa mpya. Bunduki za Kifaransa za Tabatière, ambazo jeshi lilikuwa limekwisha kuzikataa, ziligeuzwa hivyo na kuuzwa kwa jina la «Zulu».

Soko kuu la upande huu lilikuwa Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Unguja kila mwaka. Kutoka hapo majahazi yaliteremka na upepo wa kaskazi hadi Kilwa, Lindi, Tungi na Ibo. Waswahili wenyewe walizitenga kwa mitambo yake: bunduki ya mrao, ya gumegume, ya fataki, na ya viasi, yaani ya risasi zenye ganda. Zile za kushindilia ziliitwa magobori, na jina hilo lingali likitumika.

Malipo yake yalikuwa pembe za ndovu, na pia watu. Bunduki iliyopanda bara iliteremsha mateka pwani, na mateka waliuzwa ili zipatikane bunduki nyingine. Kijiji kisichokuwa na silaha kilijikuta kikiwa bidhaa ya kijiji chenye silaha. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, uliokataza kuingiza bunduki za kisasa katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya Ikweta. Cabo Delgado yote imo katika eneo hilo. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ziliruhusiwa kwa masharti. Kwa hiyo gobori, lililokwisha kuachwa na askari wa Ulaya, likawa silaha ya mwananchi wa kawaida kwa miaka mingi iliyofuata.

NAMNA ZILIVYOFUFULIWA

Adui mkubwa wa bunduki pwani si matumizi bali ni hewa ya chumvi. Baruti nyeusi huongeza balaa, maana masizi yake hunyonya unyevu na kuula mtutu kwa ndani. Bunduki iliyofyatuliwa asubuhi bila kusafishwa huanza kushika kutu kabla ya siku kupita mbali. Dawa yake ilijulikana na kila mwindaji: maji ya moto kupitishwa mtutuni, kitambaa kikavu kwa mdeki, kisha mafuta.

Bunduki kuukuu ilipofikishwa kwa mhunzi, kazi ilianza kwa kuifungua yote. Vyuma vililowekwa katika mafuta hata kutu ikalegea. Mtutu ulielekezwa kwenye mwanga na kutazamwa ndani, kwani shimo dogo la kutu karibu na mahali pa baruti ni hatari kuliko mkwaruzo mkubwa wa nje. Kamani ya mtambo iliyochoka ilitiwa motoni, ikapozwa na kurudishiwa ukali wake kwa kipimo, maana ikizidi ugumu huvunjika na ikipungua haipigi. Kifa, yaani tundu la kupitishia moto, kilizibuliwa. Kitako kilichopasuka kilifungwa kwa waya wa shaba nyeupe, au kwa ngozi mbichi ambayo ikikauka hubana kuliko misumari.

Mwisho ulikuja mtihani. Fundi mwenye busara hakuiweka begani bunduki aliyoifufua. Aliifunga kwenye gogo, akaivuta kwa kamba ndefu akiwa amejikinga. Fundi asiye na subira alipoteza vidole, au jicho.

ASKARI NA SILAHA YA MWENZAKE

Katika Vita Kuu ya Kwanza sehemu hizi zilionyesha thamani ya silaha iliyo bora kwa hatua moja tu. Wareno waliitwaa Kionga mwezi Aprili 1916. Mwaka uliofuata kikosi cha Wajerumani cha Jenerali von Lettow-Vorbeck, kilichojaa askari wa Kiafrika na wapagazi, kilisukumwa kusini kikiwa hakina chakula wala risasi za kutosha. Askari wengi walikuwa wameanza vita na Mauser ya mwaka 1871. Kila ilipolia, wingu jeupe la moshi liliwaonyesha maadui mahali alipolala mpigaji.

Tarehe 25 Novemba 1917 walivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano. Waliteka bunduki nyingi na risasi robo milioni hivi, na sehemu kubwa ya kikosi ikavishwa silaha za Kireno. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, waliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, walikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Silaha zilizonunuliwa ili kuilinda Msumbiji ndizo zilizotumika kuihangaisha. Ghala lisilolindwa humlisha adui.

Kuna funzo jingine la ufundi. Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904 ilipiga risasi ya milimita 6.5. Kuanzia mwaka 1939 Ureno ilizibadilisha nyingi ili zipige risasi ya milimita 7.92. Kwa macho ya mtu asiyejua, bunduki hizo mbili ni pacha. Hali kadhalika mtutu uliotengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi hauwezi kustahimili nguvu ya baruti ya kisasa. Ukilazimishwa, hupasuka usoni mwa mpigaji. Ndiyo maana kila mkufunzi wa silaha hurudia neno lile lile: soma alama za mtutu kwanza, kisha ndipo uulize risasi.

Vita vya ukombozi navyo vilianza katika mkoa huu, kwa shambulio la Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Miongoni mwa silaha za wapiganaji wa FRELIMO zilikuwamo karabina za Simonov na rashasha za PPSh, ambazo majeshi yaliyoziunda yalikuwa yakizibadilisha kwa Kalashnikov. Safari hii bunduki kuukuu ilikuwa mkononi mwa mtu aliyedai nchi yake. Ilitunzwa kwa bidii, kwa kuwa nyingine ilipaswa kubebwa kwa miguu kutoka ng'ambo ya Ruvuma.

BUNDUKI IKAWA JEMBE

Bendera ya Msumbiji ya mwaka 1983 ina bunduki, jembe na kitabu. Baada ya mkataba wa amani uliotiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992 kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, swali lilikuwa ni namna gani bunduki iliachie jembe nafasi. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika jambo hili na Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilishana. Mwenye kuleta silaha alipewa jembe, baiskeli, cherehani au vifaa vya ujenzi, wala hakuulizwa aliipata wapi.

Silaha zilikatwa vipande ili zisiweze kutengenezwa tena. Baadhi ya vipande vilipewa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, Kester, aliunda mwaka 2001 kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki, na mgongo wa kiti hicho ni vitako viwili vya G3 za Kireno. Kiti hicho kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, tangu mwaka 2002. Hapo ndipo bunduki ilipostaafu kweli.

Mwaka huo huo wa 1995 polisi wa Msumbiji na wa Afrika Kusini walianza Operesheni Rachel, ya kutafuta maficho ya silaha na kuyaharibu. Mengi yalilipuliwa pale pale yalipopatikana, kwa sababu risasi na mabomu ya zamani hayapendi kusafirishwa. Waliodhani huo ni woga walijibiwa tarehe 22 Machi 2007, ghala la silaha la Malhazine mjini Maputo lilipolipuka na kuua watu zaidi ya 100. Wakazi wa Dar es Salaam nao wanayakumbuka ya Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011.

YALIYOFUATA MWAKA 2017

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Wengi wao wakati ule walikuwa na mapanga. Bunduki walizozitumia katika miaka iliyofuata zilitoka kwa sehemu kubwa katika vituo na kambi walizozivamia. Mocímboa da Praia iliangukia mikononi mwao Agosti 2020, Palma ikashambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na maelfu kwa maelfu ya familia zikakimbia kwa miguu na kwa mitumbwi. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliurudisha mji wa Mocímboa tarehe 8 Agosti 2021.

Habari ya Ngomano ilijirudia kwa umbo jingine. Ndiyo sababu kuhesabu bunduki jioni, kuandika namba zake daftarini na kufunga ghala si kazi ya karani mvivu. Ni ulinzi wa mji. Itifaki ya SADC kuhusu silaha, iliyotiwa sahihi mwaka 2001, inazitaka nchi wanachama ziweke alama na kumbukumbu za silaha, na ziharibu zile za ziada. Silaha moja isiyo na mwenyewe kwenye daftari ina mwenyewe mahali pengine.

NYUMBANI NA SHAMBANI

Familia zinazorudi makwao baada ya vita hukuta vitu vilivyosahauliwa kisimani, chini ya mkorosho au juu ya dari. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Yafaa wazazi wawafunze watoto mambo haya:

Kwanza, chuma kisichojulikana hakiguswi, hakipigwi jiwe, wala hakitupwi motoni. Mtoto arudi kwa njia ile ile aliyoijia, na amwite mtu mzima.

Pili, mtu mzima naye asikibebe. Aweke alama inayoonekana kwa mbali, awazuie wengine, na atoe taarifa polisi au kwenye kambi iliyo jirani.

Tatu, risasi iliyookotwa si pambo la mkufu wala mzani wa wavu. Kutu ya nje haimaanishi kwamba baruti ya ndani imekufa.

Nne, gobori la babu lililoko nyumbani liandikishwe kwa mujibu wa sheria ya nchi. Kama halina kibali, lipelekwe kwa mamlaka kwa utaratibu utakaoelezwa, na kabla ya kulichukua polisi waarifiwe, ili mzee asikutwe njiani na silaha akadhaniwa mtu mwingine. Wala lisidhaniwe tupu kwa kuwa limetundikwa miaka mingi. Mengi yaliachwa yakiwa yameshindiliwa.

Tano, mwenye kibali aihifadhi silaha bila risasi, mahali penye kufuli, na risasi zikae penginepo. Ufunguo usijulikane na watoto.

Mafundi waliofufua bunduki kuukuu katika pwani hii walikuwa mahodari, na ustadi wao wastahili heshima. Lakini mikono ile ile iliyojua kunoa kamani ilijua pia kufua jembe, panga la kupalilia na nanga ya mtumbwi. Kazi hizo zinahitajika leo Palma, Kionga na Mocímboa da Praia, ambako watu wanajenga upya nyumba na kutweka tanga.