Je, Wajua? Shajara Humkuza Mwandishi
Je, wajua kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alianza kwa kuandika shajara? Akiwa kijana ugenini Uingereza, huku akikumbuka kwao, aliyaandika mawazo yake. Maandishi hayo yakarefuka, hatimaye yakazaa hadithi. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987.

Kijana, nawe anza leo. Andika ukurasa mmoja kila siku, hata kama ni bei ya nyanya sokoni na maneno ya muuzaji. Kisha usome kwa sauti. Ulimi ukikwama, irekebishe sentensi hiyo. Soma vitabu pia, maana haba na haba hujaza kibaba.