Popo Aliyepotea Miaka Arobaini Katika Msitu wa Nyungwe

Wananchi wengi humfahamu popo kwa kelele zake juu ya miembe, na kwa maembe yaliyong'atwa nusu ambayo watoto huyaokota asubuhi. Wapo popo wasiohitaji kutafutwa. Kila mwaka, baina ya Oktoba na Desemba, popo wala matunda hukusanyika kwa mamilioni katika Hifadhi ya Kasanka nchini Zambia, hata matawi ya miti hukatika kwa uzito wao. Lakini wapo wengine ambao mtu aweza kuishi jirani nao umri wake wote asiwaone. Mmoja wao ni popo wa Hill, mwenyeji wa msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi ya Rwanda.

Popo huyu alinaswa kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Mwaka 1973 mtaalamu wa Uswisi, Villy Aellen, alimpa jina la kitaalamu kwa heshima ya John Edwards Hill, bingwa wa elimu ya popo wa Uingereza. Alionekana tena mwaka 1981, kisha kimya. Wengine walidhani amekwisha kutoweka duniani.

Sura yake si ya kusahaulika. Masikio ni makubwa kupita kiasi cha kichwa, na puani ana mikunjo ya ngozi yenye umbo la chuma cha kwato ya farasi. Mikunjo hiyo ina kazi. Popo wa jamii hii hupiga sauti kwa pua badala ya kinywa, na mikunjo huielekeza mbele kama vile kiakisi cha kurunzi kielekezavyo mwanga. Sauti humgonga mdudu na kumrudia popo, naye akajua mawindo yalipo gizani. Sikio la binadamu haliwezi kuisikia.

Makao yake ni msitu wa milimani wenye baridi na ukungu, wa eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,000, ambao maji yake mengine huteremka kwenye mto Kongo na mengine kwenye mto Nile. Msitu huo umekwisha kupata hasara. Nyati wa mwisho aliuawa katika miaka ya 1970, na ndovu wa mwisho alikutwa amekufa mwaka 1999. Mnyama mkubwa akitoweka watu hugundua. Kiumbe wa kukaa kiganjani aweza kwisha bila mtu kuuliza.

Wataalamu wa Marekani na wa Afrika, pamoja na wakuu wa hifadhi, walianza kumtafuta mwaka 2013. Januari 2019, baada ya siku kumi za kutega nyavu usiku na kuingia mapangoni, alinaswa popo ambaye uso wake uliwashtua hata wazoefu. Walimpima, wakanasa sauti yake, kisha wakamwachia arudi msituni. Vipimo vililinganishwa na mizoga ya zamani iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya, na mwaka 2022 habari ikatangazwa: ndiye.

Hofu ya watu nayo ni adui wa popo. Mwaka 2024 ugonjwa wa Marburg uliingia Rwanda, na chanzo chake kilihusishwa na popo wala matunda waliokuwa katika mgodi. Hao ni jamii nyingine kabisa. Ni kweli kwamba popo yeyote asishikwe kwa mikono mitupu, wala watoto wasiruhusiwe kuchezea mapangoni. Lakini kuchoma pango ni jambo jingine: moshi haubagui, na kwa kiumbe mwenye makao machache hivi, pango moja laweza kuwa hasara isiyolipika.

Kazi ya kujua anakoishi iliangukia askari wa hifadhi. Kwa miezi tisa walitega vinasa sauti mahali 23 msituni, wakivikagua kwa miguu katika mvua na utelezi wa Nyungwe. Zilipatikana sauti zipatazo robo milioni. Zilipochambuliwa, popo wa Hill alisikika mahali 8 tu, napo pote pamo katika eneo dogo moja. Nje ya Rwanda hajapata kuonekana.