Kinu cha Maji cha Jamaa ya Weisenberger

Mama msomaji, wewe uliyewahi kupiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, utaielewa habari hii upesi kuliko bwana wako. Jiwe likisha kusaga sana huwa laini, punje zateleza tu juu yake, na huna budi kuligonga-gonga ili lipate makali tena. Basi taabu hiyo hiyo waliijua wasagaji wa Ulaya na Marekani, ila mawe yao yalikuwa makubwa na mazito, nayo yalizungushwa na maji ya mto.

Katika jimbo la Kentucky, nchi ya Marekani, upo mji mdogo uitwao Midway, maana yake katikati ya njia, kwa kuwa u kati ya miji ya Lexington na Frankfort. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alifika huko Bwana August Weisenberger, aliyehama kwao Baden katika Ujerumani, akashika kazi ya kusaga. Mwaka 1865, ndio mwaka ilipokwisha vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, alinunua kinu kando ya mto South Elkhorn. Kilikuwa nyumba ya orofa tatu, ya mawe na mbao, yenye gurudumu la maji.

Labda utauliza, maji husagaje? Mto huzibwa kwa ukuta ili maji yapande, kisha huongozwa mpaka kwenye gurudumu. Nguvu na uzito wa maji hulizungusha, nalo huzungusha jiwe la juu. Jiwe la chini halitikisiki. Punje huingia kwa tundu la katikati, zikasagika zikienda pembeni kwa kufuata mifuo iliyochongwa katika mawe. Mifuo hiyo ikiisha makali, mawe hutenganishwa, na msagaji huinama na patasi kuyachonga upya.

Hatari kubwa kwa vinu vya namna hii haikutoka mtoni. Katika miaka ya 1880 matajiri wa mji wa Minneapolis waliweka vinu vikubwa mno, visivyotumia mawe bali magogo ya chuma yaliyozunguka mawili mawili, moja likienda mbio kuliko mwenzake. Unga wao ulikuwa mweupe, na gari la moshi liliufikisha mbali kwa bei nafuu. Vinu vingi vidogo vya vijijini vilikufa. Wengine, nadhani, walikuwa wakiyasifu mawe ya babu zao huku wateja wakienda kwingine!

Jamaa ya Weisenberger hawakufanya hivyo. Waliyaondoa mawe, wakaweka magogo ya chuma. Gurudumu nalo waliliondoa, wakaweka turbaini mbili, yaani magurudumu ya chuma yenye mapanga, yanayozungushwa na maji yapitayo ndani yake. Kinu kikaweza kutoa mapipa 100 ya unga kwa siku. Pipa moja la unga lilikuwa ratili 196. Piga hesabu, utapata karibu magunia 100 ya kilo 90. Na yote hayo kwa mto ule ule mdogo.

Kisha nyumba yenyewe ikaanza kuchakaa. Mwaka 1913 waliibomoa ile aliyoinunua mzee August, wakajenga nyingine mahali pale pale. Kubomoa nyumba ya mzee si jambo jepesi, wewe wajua. Lakini mzee hakuwaachia ukuta tu. Aliwaachia kazi na maji. Watoto wakairithi kazi, na wajukuu, mpaka kizazi cha sita. Siku hizo za baadaye maji yakageuzwa kutoa umeme, na umeme ukaendesha mashine.

Hata ngano yao hawakuitoa mbali. Ngano ya Kentucky ni laini. Haifai sana kwa mikate mikubwa iliyoumuka, bali ni nzuri kwa keki na vimkate vidogo ambavyo watu wa huko huvila asubuhi. Vinu vikubwa vya kaskazini vilisaga hasa ngano ngumu. Hapo mdogo alipata nafasi yake.

Tena walisaga mahindi meupe ya wakulima wa jirani. Watu wa huko hawasongi ugali. Unga wake huoka mikate, na chenga zake huzipika uji mzito, wakatia siagi.