Mwongozo wa kazi uko kwenye tovuti ya chuo, lakini mpishi wa mesi atauonaje?

Chukua mfano wa mpishi wa mesi katika chuo kikuu cha umma nchini Kenya. Saa kumi jioni anakabidhiwa barua: ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Barua inataja kifungu cha mwongozo wa wafanyakazi. Mwongozo wenyewe hajawahi kuuona.

Akiuliza, anaambiwa uko kwenye tovuti. Basi imeisha hivyo?

Mtandaoni si mkononi

Chuo kikubwa si ofisi moja. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kimetawanyika kutoka katikati ya jiji hadi Chiromo, Parklands, Kabete na Kikuyu. Katika vyuo vya umma kuna wahadhiri wa chama cha UASU, wafanyakazi wa KUSU, na wapishi na wasafishaji wa KUDHEIHA. Mhadhiri ana kompyuta na barua pepe ya kazi. Mlinzi wa zamu ya usiku ana simu yake na bando aliyojinunulia.

Mlinzi huyo akifungua kiungo, huenda akakutana na PDF ya kurasa zaidi ya mia iliyopigwa picha, ambayo huwezi kutafuta neno ndani yake. Au ukurasa unadai nywila ya barua pepe ya kazi, na yeye hana. Au anapata nakala tatu za sera ile ile, kila moja na mwaka wake. Hili la nakala za zamani ndilo baya zaidi: mtu anafuata kanuni kwa nia safi, kumbe ilishabadilishwa.

Lugha nayo ni kizuizi. Anayetaka kujua likizo ya kujifungua hatafuti jina refu la Kiingereza lililo kwenye jalada la sera.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira ya 2007 haijaliacha jambo hili kwa hiari ya mwajiri. Kifungu cha 12 kinataka maelezo ya ajira yataje kanuni za nidhamu, au yamwelekeze mfanyakazi kwenye hati anayoweza kuifikia bila taabu. Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya unyanyasaji wa kingono, na aifikishe kwa kila aliye chini yake. Aifikishe, si aihifadhi tu.

Kifungu cha 41 kinaongeza kwamba kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Chuo kikiruka hatua hizi, mahakama inaweza kukiamuru kumlipa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Hasara si ya mpishi peke yake.

Kinachoweza kufanywa

Mengi hayahitaji mfumo wa mamilioni. Ukurasa mmoja unaofunguka kwa simu bila nywila, wenye nakala inayotumika sasa pekee, tarehe yake na ofisi inayohusika. Muhtasari wa Kiswahili wa mambo yanayoulizwa sana: likizo, nidhamu, rufaa, malalamiko. Karatasi kwenye ubao wa jikoni na kibanda cha walinzi. Na sera ikibadilika, ujumbe mfupi kwa kila mfanyakazi unaosema ni nini hasa kimebadilika. Muhimu zaidi, awepo mtu wa kupigiwa simu ambaye anaijua sera, kwa sababu mwenye barua ya nidhamu mkononi hana muda wa kusoma kurasa mia.

Ukinyimwa nakala

Chuo cha umma kinabanwa na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Raia anaweza kuandika ombi kwa Kiingereza au Kiswahili, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Chuo kikikataa au kikinyamaza, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman.

Ila siku 21 ni nyingi kwa aliyepewa siku chache za kujieleza. Katika barua ya majibu, aombe kwa maandishi nakala ya kifungu anachodaiwa kukivunja na muda wa kukisoma, kisha abaki na nakala ya barua hiyo iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.