MUUGUZI, AFISA TABIBU NA MFANYAKAZI: ANAYETUTIBU NI NANI?



Fundi akiumia kiwandani, au mkata miwa akijikata kwa panga shambani, mtu wa kwanza kumwona mara nyingi si daktari. Daktari yuko mbali, yuko mjini, na pengine ni mmoja kwa wilaya nzima. Anayetupokea, anayeuliza panapouma, anayepima damu, anayeandika dawa na kufunga kidonda ni muuguzi au afisa tabibu. Hata hivyo wengi wetu hatumjui. Akituponya tunamwita "daktari". Tukichoka na foleni tunamwita "nesi tu". Katika toleo hili tumeona vema tueleze kazi yake, ilikotoka, na kwa nini tunataka watoto wa wafanyakazi waisomee.

YALIYOTUPATA HAI JALABA

Sisi tunaoandika haya tunakaa Hai Jalaba, mjini Juba. Mtaa huu ulipata jina kutokana na wafanyabiashara wa kaskazini walioitwa jalaba. Siku hizi ukipita utasikia Kiarabu cha Juba, Kibari, Kiganda na Kiswahili chetu. Wenzetu wanafanya kazi katika viwanda vya maji ya chupa, tanuri za mikate, karakana za chuma na viwanja vya kufyatua matofali ya saruji.

Mwenzetu mmoja mfyatua matofali alibanwa mkono na mashine. Pale kazini hapakuwa na gari wala sanduku la huduma ya kwanza. Tulimpandisha boda boda tukampeleka duka la dawa la karibu, kwa kuwa tulimwona humo mtu aliyevaa koti jeupe. Mtu yule alimchoma sindano tusiyoijua, akamshona bila kuosha kidonda sawasawa, akapokea pesa yake. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, na mwenzetu anaweweseka kwa homa.

Ndipo tulipompeleka kituo cha afya. Alitupokea dada mmoja mwenye umri wa binti zetu. Alifungua nyuzi zote, akatoa usaha, akaosha, akakata nyama iliyooza. Alimpa sindano ya kukinga pepopunda na dawa ya kuua vijidudu. Kisha akaandika barua ya kumpeleka hospitali siku ile ile, maana aliona mfupa umeguswa. Vidole viwili vilipotea lakini mkono ulibaki. Tulipomshukuru kwa kumwita daktari, alitusahihisha: "Mimi si daktari. Mimi ni afisa tabibu."

Kwenye mkutano wa tawi wanachama waliuliza: kama si daktari, alipata wapi ruhusa ya kufanya yote yale? Makala hii ni jibu la swali hilo.

KAZI HII ILIKOTOKA

Katika nchi nyingi kazi iligawanywa hivi: daktari huchunguza na kuamua, muuguzi hutekeleza na kumtunza mgonjwa. Mgawanyo huo unafaa mahali penye madaktari wengi. Pasipo na daktari, mgonjwa hufa akimngoja.

Hata Marekani, nchi tajiri, waliliona jambo hili. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwongezea muuguzi elimu ili aweze kuchunguza wagonjwa, kutambua ugonjwa na kutibu. Walifikiria watoto wa mashambani na wa watu maskini waliokosa daktari. Leo wauguzi wa namna hiyo wako katika kila jimbo la Marekani. Mama Ford aliaga dunia mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 104.

Lakini Afrika Mashariki haikungoja kufundishwa na Colorado. Kenya, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya kina historia inayoanzia mwaka 1927. Tanzania ilianza katika miaka ya 1960 kuwasomesha matabibu wenye uzoefu wawe madaktari wasaidizi, na hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa kina mama kujifungua katika hospitali za wilaya. Msumbiji nayo ilikuwa vitani mwaka 1984 ilipoanza kuwafundisha mafundi wa upasuaji wasio madaktari, na watu wengi wa vijijini waliokolewa nao.

Huku kwetu Sudan, shule ya wakunga ilifunguliwa Omdurman mwaka 1921 chini ya Mabel Wolff. Lakini kutoka Omdurman mpaka Juba ni safari ndefu ya kupanda mto, na elimu ilikawia kufika kusini. Wakati wa vita, shirika la AMREF lilisaidia kuanzisha chuo cha maafisa tabibu Maridi, mwaka 1998. Mwaka 2010 Chuo cha Uuguzi na Ukunga cha Juba kilifungua milango yake. Sudan Kusini ikapata uhuru tarehe 9 Julai 2011.

Uchunguzi wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikufa kina mama 2,054. Maana yake ni karibu mama mmoja katika kila vizazi 50. Hesabu ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 ilikuwa 1,223. Idadi imeshuka, lakini bado ni msiba mkubwa. Kila mmoja wetu katika Hai Jalaba anamjua mtu aliyezikwa kwa sababu hiyo.

ANAFANYA NINI, NA HAFANYI NINI

Afisa tabibu husoma miaka mitatu baada ya sekondari. Hujifunza mwili wa mtu, magonjwa, dawa na namna ya kumchunguza mgonjwa, na hufanya mazoezi wodini chini ya wakubwa wake. Akifaulu husajiliwa na mamlaka ya nchi. Muuguzi na mkunga wa stashahada nao husoma miaka mitatu. Muuguzi hujifunza kumtunza mgonjwa, kutoa dawa na kuona dalili za hatari. Mkunga hujifunza ujauzito na uzazi. Mahali ambapo hakuna afisa tabibu, muuguzi ndiye anayechunguza na kutibu, kwa kufuata miongozo ya serikali.

Sasa tuangalie kazi yao kwa mifano.

Mtoto akiletwa na homa, hampi dawa kwa kubahatisha. Humtoboa kidole, hupima tone la damu, na kama ni malaria humpa dawa kwa kadiri ya uzito wake. Kama si malaria hutafuta sababu nyingine, kwa mfano kuhesabu pumzi ili ajue kama mapafu yameugua.

Mtu akiharisha sana, kama ilivyotokea katika kipindupindu kilichotangazwa nchini mwezi Oktoba 2024, yeye hutazama macho, ulimi na ngozi kujua maji yaliyopotea. Kisha huamua kama mgonjwa atakunywa maji ya chumvi na sukari au atatundikiwa chupa.

Mama akijifungua, mkunga humchoma sindano ya kukaza mji wa mimba ili damu isimwagike. Jambo hilo ni la dakika chache, na dakika hizo ndizo zinazompa uhai.

Mfanyakazi wa shamba aliyepulizia dawa ya wadudu akija anatokwa na jasho, mate yanamtoka na macho hayaoni vizuri, afisa tabibu atamwuliza alipulizia dawa gani. Kwa hiyo, ndugu, mkimpeleka mwenzenu, chukueni na kibandiko cha dawa ile. Na kabla ya kuondoka, mvueni nguo zilizolowa na kumwosha ngozi kwa maji na sabuni.

Jambo kubwa kuliko yote ni kujua mpaka wa uwezo wake. Afisa tabibu mzuri ni yule anayesema, "Hili limenizidi, mpelekeni hospitali sasa hivi." Yule wa duka la dawa hakusema hivyo, na ndiyo sababu tulipoteza vidole viwili.

Kwa mpango wa serikali ya Sudan Kusini, kituo kidogo cha afya kimekusudiwa kuhudumia watu 15,000, na kituo kikubwa watu 50,000. Katika kituo kikubwa afisa tabibu ndiye tegemeo la matibabu. Fikirini, ndugu: watu 50,000 ni umati wa mji mzima.

TUMTAMBUEJE WA KWELI?

Koti jeupe linauzwa sokoni, kwa hiyo kila mtu anaweza kulivaa. Mtibabu wa kweli ana cheti cha chuo na usajili, naye haoni haya ukimwuliza. Wa kweli huuliza maswali kabla ya kushika sindano, huosha mikono, na huandika alichokupa ili mwingine akisome. Anayechoma sindano kwa kila ugonjwa, asiyepima na asiyeandika, mkimbieni. Mkiambiwa kwamba huyu ni rahisi, kumbukeni kuwa mwenzetu alilipa mara mbili, na vidole juu.

KWA NINI WATOTO WETU WAISOMEE?

Kwanza, ni kazi inayoweza kufikiwa na mtoto wa mfanyakazi. Njia ya udaktari ni ndefu na gharama yake ni nzito. Miaka mitatu ya chuo, kwa kijana mwenye cheti cha sekondari na masomo ya sayansi, inawezekana tukisaidiana.

Pili, mtibabu anayetoka kwetu anatujua. Akimwona mtu ana vumbi la saruji kifuani hahitaji kueleweshwa tanuri ni nini au kiwanja cha matofali kikoje. Tena anasema lugha yetu. Mgonjwa asiyeeleweka hutibiwa ugonjwa ambao si wake.

Tatu, ni kazi yenye ngazi. Kenya, afisa tabibu aliyeongeza masomo anaweza kuwa mtaalamu wa macho akaondoa mtoto wa jicho, au akawa mtaalamu wa usingizi wa upasuaji au wa mifupa. Muuguzi naye anaweza kuendelea mpaka shahada.

Nne, ni heshima isiyonunuliwa. Yule dada wa kituo cha afya hana gari. Lakini akipita Hai Jalaba, wazee wanainuka kumsalimu.

UKWELI MCHUNGU

Tusiwadanganye vijana. Kazi hii ina shida zake, na shida hizo ni za kichama.

Mwaka 2024 watumishi wa serikali wa Sudan Kusini walikaa miezi mingi bila mshahara, na watumishi wa afya walikuwa miongoni mwao. Kenya, mwaka 2017, wauguzi waligoma kuanzia Juni mpaka Novemba. Mwaka 2024 maafisa tabibu wa huko wakagoma kwa miezi ipatayo mitatu. Hakuna mtu anayefurahi kumwacha mgonjwa. Lakini tumbo la muuguzi ni kama la mfyatua matofali, nalo halishibi kwa kusifiwa.

Sheria za kuwatetea zipo. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 149 juu ya wauguzi. Unasema kwamba katika saa za kazi, malipo ya kazi ya ziada, mapumziko ya juma, likizo yenye malipo, uzazi na ugonjwa, muuguzi asipate pungufu ya wafanyakazi wengine wa nchi yake. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Na mwaka 2001, mjini Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi hiyo ni deni, na deni hudaiwa.

TAWI LETU LILIAMUA NINI?

Mwanachama wetu mmoja, mchomaji mikate, ana binti aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Baba alikataa. Alisimama mkutanoni akasema, "Ndugu, nimewaona wauguzi wakidai mishahara. Nimpeleke mwanangu huko huko?" Wengine walianza kumlaumu. Mzee wetu mmoja akawanyamazisha, akasema hofu ya baba ni ya haki, lakini kila mzazi akikataa kwa hofu hiyo, siku mashine itakapombana mtu mwingine tutarudi kwa mwenye koti la sokoni.

Tuliamua mambo manne. Kwanza, mfuko wetu wa kusaidiana umkopeshe mzazi ada ya mwaka wa kwanza, bila riba. Pili, katika mazungumzo yetu na waajiri tudai sanduku la huduma ya kwanza kila mahali pa kazi, na usafiri wa majeruhi mpaka kituo cha afya. Tatu, kila mwanachama ajue mapema jina la kituo chenye mtibabu aliyesajiliwa, asingoje kuumia.

La nne alilileta baba mwenyewe. Baada ya juma moja alirudi akasema atamwachia binti aende, kwa sharti kwamba tuandike katika kumbukumbu za tawi kuwa siku wauguzi watakapodai mishahara yao, sisi wa viwandani tutasimama nao, hata kama siku hiyo sisi ndio wagonjwa tulio kwenye foleni. Tuliandika, na wote tukatia sahihi. Wasiojua kuandika walitia dole gumba.

Tunawaomba matawi mengine, ya viwandani na ya mashambani, yalizungumze jambo hili katika mikutano yao na kutuletea habari ya yaliyoamuliwa.

Umoja ni nguvu.