Sura ya Sita: Mwaka Nje ya Thieta

Kuna watoto wanaozaliwa utumbo ukiwa nje, umepenya kwenye tundu dogo kando ya kitovu. Madaktari huiita hali hiyo gastroskisisi. Mwaka 2021 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro saba za maumbile, waliotibiwa katika hospitali 264 za nchi 74. Kati ya waliokuwa na gastroskisisi katika nchi tajiri, waliofariki walikuwa asilimia 1.4. Katika nchi maskini walikuwa asilimia 90. Kasoro ni ileile, na kuurudisha utumbo tumboni si kazi inayomshinda daktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Wengi huuawa na baridi, na maji yanayopotea kupitia utumbo ulio wazi, na maambukizi, na saa zinazopita kati ya kitanda cha leba na mikono ya anayejua la kufanya.

Aliyeuratibu utafiti huo, Naomi Wright, alikuwa bado anasomea upasuaji wa watoto nchini Uingereza. Alitoka thieta kwa muda, akapata ufadhili wa shirika la Wellcome, akasoma shahada ya uzamivu. Taarifa zenyewe zilikusanywa na timu za madaktari katika kila hospitali, kwa mwezi mmoja au zaidi, kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019. Daktari aliyekuwa mafunzoni angeweza kujiunga, akajaza fomu za wagonjwa wake, na jina lake likaingia kwenye orodha ya watafiti washiriki. Namba zilizotikisa wakubwa wa fani hii zilitoka, kwa sehemu, kwenye zamu za usiku za watu ambao bado walikuwa na mitihani mbele yao.

Sura hii inahusu muda wa namna hiyo: mwaka mmoja au miwili ambao daktari anayesomea upasuaji, na anayetaka hatimaye kuwatibu watoto, anapewa posho na msimamizi, anaondolewa kwenye orodha ya zamu, na anaambiwa achunguze jambo moja mpaka mwisho.

Marekani mwaka huo umekuwa kama desturi. Nafasi za ubobezi wa upasuaji wa watoto ni chache, wanaozitaka ni wengi, na asiye na machapisho ana kazi kubwa ya kujieleza. Ndiyo maana vijana wengi huko hukaa maabara mwaka mmoja au miwili katikati ya mafunzo. Kwetu Tanzania njia ni nyingine. Baada ya miaka mitano ya shahada ya udaktari na mmoja wa mafunzo kwa vitendo, daktari anaweza kusoma uzamili wa upasuaji chuo kikuu, ambako ataandika tasnifu. Au anaweza kujiandikisha COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho wanafunzi wake husomea hospitalini, kazini: miaka miwili ya msingi, kisha mitatu ya upasuaji wa watoto. Ndani ya ratiba hizo utafiti hufanywa jioni, mtu akiwa amechoka, na mada huchaguliwa kwa sababu inaweza kumalizika kabla ya tarehe ya kukabidhi.

Naona huo ni upotevu mkubwa, na Nyanda za Juu Kusini unaonekana wazi zaidi kuliko mahali pengi.

Chukua ramani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, pamoja na jengo lake la wazazi la Meta, hupokea rufaa za mikoa ya kanda nzima, kutoka Katavi na Rukwa hadi Ruvuma. Iringa ina hospitali ya rufaa ya mkoa mjini, Tosamaganga nje ya mji, na Ilula kando ya barabara kuu. Kati ya Iringa na Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka Mbeya hadi hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya 800, na njiani kuna mteremko wa Kitonga, ambako lori moja likiharibika foleni inaweza kula saa nzima. Mtoto wa Makete aliyezaliwa Juni, mwezi ambao baridi huko hufikia kugandisha umande, anasafiri amefunikwa khanga na blanketi. Utumbo ulio nje unapoteza joto haraka. Akifika amepoa, ganzi tu yaweza kummaliza.

Sasa jiulize: ni wangapi waliozaliwa hivyo mwaka jana katika mikoa hii? Fungua daftari la thieta. Utamkuta aliyefanyiwa operesheni: jina, umri, jina la operesheni, aina ya ganzi, jina la daktari. Aliyefia wodini akisubiri yumo kwenye daftari jingine. Aliyefia kwenye gari la wagonjwa huenda yumo kwenye fomu ya rufaa iliyorudi na dereva. Aliyezaliwa kwenye zahanati, mkunga akamwona na kujua hakuna cha kufanya, yumo kwenye kitabu cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kama kifo cha mtoto mchanga, bila neno hata moja kuhusu utumbo. Madaftari manne, na hakuna ayasomaye yote kwa pamoja. Kwa daktari wa upasuaji, watoto watatu kati ya hao wanne hawajawahi kuwepo.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Anayetaka kuwa bingwa wa upasuaji wa watoto katika kanda hii anahitaji kujifunza kuwatafuta wasiofika, na kazi hiyo haifanyiki kati ya operesheni mbili za asubuhi. Inataka mwaka. Inataka kukaa na mkunga wa zahanati na kumuuliza alimfunika mtoto na nini, alimpigia nani simu, gari lilichukua muda gani. Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kama fedha ziende kwenye mashine mpya ya ganzi au kwenye mifuko safi ya plastiki ya kuufunika utumbo, blanketi nzito, na namba moja ya simu inayopokelewa saa nane za usiku. Mimi nadhani jibu litaanza na blanketi, lakini kudhani hakutoshi kumshawishi mganga mkuu wa mkoa anayepanga bajeti.

Kwamba utafiti uliofanywa mahali kama hapa unaweza kubadili tiba kwingineko, tumekwisha kuona Mbale, mashariki mwa Uganda. Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alifanya kazi katika hospitali ya CURE iliyofunguliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, akakutana na watoto wengi mno wenye vichwa vikubwa. Tiba ya kawaida ilikuwa kuweka mrija wa kutoa maji kichwani. Mrija huziba, na mama aliye kijijini, mwendo wa siku nzima kutoka hospitalini, hawezi kuwahi. Warf aliandika kila mgonjwa, akagundua kwamba kwa wengi chanzo kilikuwa maambukizi ya utotoni, na akaunganisha njia mbili za upasuaji ili mtoto aweze kuishi bila mrija. Matokeo ya mwaka 2005 yalisomwa hadi Boston. Baadaye jaribio la kulinganisha upasuaji huo na mrija lilifanywa hukohuko Mbale na kuchapishwa mwaka 2017: baada ya miezi 12, ukuaji wa akili wa watoto wa makundi yote mawili haukutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika. Hilo nalo ni jibu la maana kubwa kwa mama anayeishi mbali na hospitali.

Mbeya si ugenini kwa utafiti wa kiwango hicho. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kilichokua kutokana na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich tangu miaka ya 1990, kimeshiriki majaribio ya chanjo za VVU na ya dawa za kifua kikuu. Kituo cha namna hiyo kina wataalamu wa takwimu, wasimamizi wa data, na wauguzi wanaojua kumweleza mgonjwa ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo mjini humohumo. Kijana wa upasuaji anaweza kuvuka barabara, kwa namna ya kusema, akaazima ujuzi wa watu wa kifua kikuu. Kufuatilia mgonjwa kwa miezi 18 bila kumpoteza ni kazi ileile, awe anameza vidonge au anasubiri kufungwa kolostomi, yaani tundu la haja lililotobolewa tumboni.

Iringa ina swali la aina nyingine, na pengine ni gumu zaidi. Watu wengi wa mkoa huu wanawakumbuka Maria na Consolata, pacha walioungana, waliozaliwa Ikonda, Makete, mwaka 1996, wakasoma Udzungwa sekondari wilayani Kilolo, wakajiunga na Chuo Kikuu cha Ruaha, na wakafariki katika hospitali ya mkoa Juni 2, 2018. Hawakutenganishwa. Pacha wengine, wavulana wa Kyela, walitenganishwa India mwaka 2013. Operesheni kubwa namna hiyo huandikwa kwenye magazeti na majarida. Miaka inayofuata, ya shule, haja, ndoa na upweke, haina wa kuiandika kwa utaratibu. Mtafiti kijana akiwafuata watoto waliofanyiwa upasuaji mkubwa hadi darasani kwao, na akawauliza wenyewe, atakuwa amewafundisha walimu wake.

Vikwazo vipo, na cha kwanza ni pesa. Daktari wa miaka 32 ana watoto na wazazi wanaomtegemea. Posho ikiwa ndogo kuliko mshahara, ataukataa mwaka huo na atakuwa na haki. Mipango ya serikali ya kusomesha mabingwa na wabobezi imefungua milango ya masomo ya tiba, na ningependa kila nafasi ya upasuaji wa watoto ije na miezi 12 ya utafiti yenye mshahara kamili. Woga kwamba wakisomeshwa watahama hauna nguvu kama unavyosikika: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 85 ya madaktari wa upasuaji waliohitimu katika kanda hii ya Afrika tangu 1974 hadi 2013 walibaki katika nchi walikosomea.

Cha pili ni msimamizi. Bingwa mmoja mwenye wagonjwa wa kuwatosha mabingwa watatu hawezi kusoma rasimu kila wiki, kwa hiyo wasimamizi wawe wawili, mmoja wa kisu na mmoja wa takwimu. Cha tatu ni umiliki. Mshirika wa ng'ambo akileta fedha, makubaliano yaandikwe kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingizwa: data inakaa wapi, na nani anatangulia kwenye orodha ya waandishi. Kamati ya maadili ya Mbeya na ile ya taifa ya NIMR zina nguvu ya kuuliza hayo, na ziulize.

Kwa anayetaka kuanza, swali moja linatosha kwa mwaka mzima. Watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa huwekewa kolostomi siku za mwanzo, kisha husubiri operesheni ya kutengenezwa njia. Wakati wanasubiri, mama ambaye hana mifuko hufunga tumbo kwa vipande vya khanga, anafua, anaanika, anafunga tena, na ngozi ya mtoto inachubuka. Wangapi Mbeya na Iringa wanasubiri leo, na tangu lini? Huwezi kujibu hilo kwa mashine. Unajibu kwa madaftari ya thieta ya miaka mitano iliyopita, kadi za kliniki, na simu moja moja kwa kina mama. Kama daftari halina safu ya namba ya simu, iongezwe wiki ya kwanza, na fedha za vocha ziandikwe kwenye bajeti kabla ya kitu kingine chochote.